Sura ya 6: Kabla Nati ya Kwanza Haijalegezwa

Ukishuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani na kuingia vichochoroni, kabla hujafika kwenye kelele za wapiga mabati, utayaona magari ambayo hayamsubiri fundi tena. Yamepandishwa juu ya matofali, boneti hazipo, na mahali pa injini pamebaki shimo lenye nyaya zilizofungwa kwa kamba ya katani. Mojawapo ni Altezza ya rangi ya fedha, namba B. Ndani ya buti yake kuna ndoo ya rangi iliyojaa nati, boliti, vibano na vipande vya mpira, vyote vimechanganywa pamoja na vimeshika kutu ya hewa ya bahari.

Nilimuuliza fundi jirani kama mwenye gari aliishiwa pesa.

"Pesa alikuwa nayo, kaka," alinijibu bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Ilifunguliwa mapema."

Jibu hilo lilinikaa kichwani mwezi mzima, kwa sababu nyumbani nilikuwa na Altezza ya kwangu inayoumwa, na mafundi wawili walikuwa wameshaniambia niilete kesho yake asubuhi waifungue.

Kwa msomaji ambaye hakuwa kijana wa Dar miaka ile, nieleze gari lenyewe kidogo. Toyota waliitoa Altezza Japani Oktoba 1998 na wakaendelea kuitengeneza hadi 2005. Nje ya Japani watu waliijua kama Lexus IS. Iliposhuka bandarini kwetu ikiwa mtumba, ilipata heshima ambayo sedani nyingine ndogo hazikuwahi kuipata. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, dashibodi yake ina saa zilizopangwa kama za mkononi, na taa zake za nyuma zilikuja kuigwa kwenye magari mengine mengi. Lakini Altezza ni mbili. Iko AS200 yenye injini ya silinda sita, 1G-FE, tulivu na yenye subira. Na iko RS200 yenye silinda nne, 3S-GE, ambayo hedi yake ni kazi ya Yamaha: sentimita za ujazo 1,998, valvu 16, nguvu za farasi 210 kwa gari la gia za mkono, na nguvu hizo huzipata injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Yangu ni hiyo ya pili, ya mwaka 1999.

Damu ya injini hii imeshapita kwenye vumbi la Afrika Mashariki. Celica GT-Four zilizoshinda Safari Rally mwaka 1990, kisha mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995, zilibeba 3S-GTE, ndugu wa 3S-GE aliyeongezewa turbo. Bloku ya chuma cha kalibu ya ukoo huu haivunjwi kirahisi. Ninalisema hili mapema kwa sababu ushauri wa kwanza utakaoupata Gerezani ukifika na 3S inayoumwa ni kuitupa.

Yangu ilianza kwa kumisi. Asubuhi, ikiwa kwenye sailensa, ilitetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi, na ukiipigia resi inatulia. Baada ya miezi miwili haikutulia tena hata kwa resi. Kwenye kilima cha kutoka Jangwani kwenda Magomeni ilikuwa inaachwa na daladala. Haikutoa moshi wa bluu wala haikula oili kupita kiasi. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha koili moja, nikasafisha njia ya hewa. Kila kimoja kilileta nafuu ya siku mbili, au labda ni mimi niliyetaka kuiona nafuu.

Fundi wa kwanza alisema ovahoo. Wa pili alisema injini nyingine. Hakuna hata mmoja aliyepima chochote. Siwalaumu sana, maana wateja wetu wengi hawataki kulipia kipimo. Wanataka kulipia spea wanayoweza kuishika mkononi. Ila gari lenye umri wa zaidi ya miaka ishirini lina kasoro nyingi kwa wakati mmoja, na fundi akifungua bila kujua anatafuta nini, kila anachokiona kitaonekana kuwa ndicho. Ringi zimechakaa kidogo: zibadilishwe. Beringi zina mikwaruzo: zibadilishwe. Krenki ipelekwe lezi. Wiki ya tatu una orodha ya vitu kumi na tisa, pesa ya vitu sita, na gari lako liko juu ya matofali.

Kwa hiyo nilimtafuta fundi wa tatu, mtu wa makamo anayefanya kazi kwenye uwanja mdogo nyuma ya maduka ya Mtaa wa Lumumba, nikamwambia sitaki afungue chochote. Nataka anipimie, na nitamlipa siku nzima.

Tulianza na kompresheni. Injini ikiwa ya moto, alitoa plagi zote nne, akachomoa soketi za koili, akavuta fyuzi ya pampu ya mafuta ili petroli isimwagike ndani. Betri ilikuwa imechajiwa usiku kucha, kwa sababu stata ikizunguka kivivu namba zitadanganya. Akafunga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza, mimi nikakanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini ili hewa iingie bila kizuizi, nikapiga stata hadi mshale uliposimama. Aliandika namba kwa chaki kwenye fenda: 190. Silinda ya pili, 185. Ya tatu, 110. Ya nne, 190. Hizo ni pauni kwa inchi ya mraba.

Tulizitazama namba zile kwa muda bila kuzungumza. Silinda tatu za gari la mwaka 1999 zilikuwa zinakaribiana kama ndugu. Kwenye kipimo hiki kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ya chini ikipungua robo nzima au zaidi kulinganisha na ya juu, hapo pana ugonjwa. Ile ya tatu ilikuwa imepungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Akachukua kijiko cha oili, akakimimina kwenye tundu la silinda ya tatu, tukapima tena. Ikawa 115. Kama ringi ndizo zingekuwa zinavujisha, oili ingeziba ukingo wake kwa muda na namba ingepanda sana. Haikupanda. Kwa hiyo upepo ulikuwa unatoroka kwa juu.

Kipimo cha mwisho ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Aliizungusha krenki kwa spana mpaka pistoni ya tatu ikafika juu kabisa na valvu zake zote zikafunga, akaliweka gari kwenye gia na kuvuta breki ya mkono ili lisisogee, kisha akaunga mpira wa kompresa kwenye tundu la plagi na kufungulia upepo. Halafu akazunguka akisikiliza. Kwenye mfuniko wa oili: kimya. Mdomo wa rejeta: maji hayakutoa hata povu moja, maana yake gasketi ya hedi ilikuwa nzima. Kwenye njia ya kuingizia hewa: kimya. Akaenda nyuma ya gari, akapiga goti, akaniita niinamishe sikio kwenye bomba la ekzosi. Upepo ulikuwa unapiga mluzi mwembamba, kama wa mtu anayepoza chai.

"Valvu ya ekzosi," alisema. "Silinda ya tatu. Hayo mengine waachie wenyewe."

Saa nne za kazi, na hatukuwa tumefungua kitu kisichorudishwa kwa dakika kumi. Gari niliondoka nalo nikiliendesha mwenyewe. Hilo nalo lina thamani yake: gari linalotembea halimfanyi mwenyewe awe na haraka, na mtu asiye na haraka kwenye maduka ya spea ya Kariakoo hupewa bei nyingine.

Jioni ile nilikaa na daftari. Ukurasa wa kwanza niliandika kazi yenyewe: kushusha hedi, kubadilisha valvu iliyoungua, kukagua zile nyingine, kubadilisha sili za valvu zote 16, kupima uwazi wa valvu, gasketi mpya. Ukurasa wa pili niliandika kazi za jirani, yaani vitu ambavyo havijafa lakini ukishafika pale mkono uko juu yake. Mkanda wa taimingi lazima utoke ili hedi itoke, na Toyota hutaka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kuurudisha wa zamani ni kujitafutia kazi ileile mara mbili. Pampu ya maji iko palepale. Sili ya mbele ya krenki, vivyo hivyo. Mipira ya maji, kwa sababu maji yatamwagwa. Kazi za jirani ni mtego pia, maana kila kitu kwenye injini ni jirani wa kitu kingine. Kanuni niliyojiwekea ni hii: kama kukifikia baadaye kutanilazimu nirudie kazi hii, kinaingia kwenye orodha. Kama kinafikika kwa njia nyingine, kinabaki nje. Kwa kanuni hiyo klachi, iliyokuwa inanipa wasiwasi, ilibaki nje.

Ukurasa wa tatu ndio watu wengi hawauandiki. Niliandika mahali pa kusimama. Hedi ikitoka na nikakuta ukuta wa silinda una mfereji unaoshika ukucha, nasimama, kwa sababu hapo kazi imegeuka kuwa ya bloku na hesabu yote inabadilika. Hedi ikiwa na ufa kati ya viti vya valvu, nasimama. Uamuzi wa namna hii ufanyike ukiwa mezani nyumbani, tumbo limeshiba. Ukiwa umesimama gereji, mikono ina oili na fundi anakutazama, utakubali lolote. Na theluthi moja ya pesa niliyokuwa nayo niliifunga nisiiguse ila kwa jambo lisilotarajiwa.

Je, injini ya mtumba? Nililifikiria kwa haki. Kwa wenye 1G-FE ya AS200 mara nyingine ni jibu zuri. Kwa RS200 ya gia za mkono ni vigumu. Injini hiyo haikuwekwa kwenye magari mengi, na zinazopatikana zina umri uleule wa yangu, zimetolewa kwenye gari ambalo mara nyingi lilipigwa resi kuliko langu. Ukiinunua, unanunua namba nne za kompresheni usizozijua badala ya zile ulizokwisha kuandika kwa chaki. Halafu kuna kadi ya gari: namba ya injini imeandikwa pale, ikibadilika una safari za kwenda TRA na ukaguzi wa polisi. Na kuagiza Altezza nyingine kabisa, kwa umri huo, utakutana na kodi ya uchakavu.

Sasa Kariakoo yenyewe. Soko letu la spea lina desturi moja iliyowaingiza wengi kwenye matofali: ukitaka spea, unaambiwa uje na sampuli. Fundi anatamka "sampo". Anafungua injini, anakupa kipande kilichokufa ndani ya mfuko, unazunguka nacho Gerezani na Msimbazi ukikilinganisha na vipya. Kwa bushi au sili ya Corolla desturi hii inafanya kazi vizuri, kwa sababu Corolla zimejaa mjini na jibu liko duka la pili. Kwa gari adimu inamaanisha injini inakaa wazi wakati wewe unaanza kutafuta. Duka la kumi wanasema wataagiza Dubai. Wiki tatu. Fundi anahitaji nafasi, injini inasogezwa pembeni, ndoo ya nati inahama, boliti mbili ndefu zinaazimwa kwa gari la mtu mwingine. Mwenye Altezza ya rangi ya fedha, nilikuja kujua baadaye, alipitia njia hii hatua kwa hatua.

Njia ya kuikwepa ni kwenda na namba badala ya kipande. Kwenye bamba la chesi chini ya boneti utakuta alama ya modeli. Ya RS200 inaanza na SXE10, ya AS200 inaanza na GXE10. Kwa namba kamili ya chesi, duka lenye katalogi litakupa namba ya spea, na namba za Toyota zina lugha yake. Ni tarakimu kumi. Tano za kwanza hutaja kifaa: 11115, kwa mfano, ni gasketi ya hedi. Tano za mwisho hutaja kifaa hicho ni cha injini ipi, na kwa ukoo wa 3S kwa kawaida huanza na 74. Hata kati ya RS200 na RS200 kuna tofauti: ya gia za mkono imefungwa valvu za titani, na zile za kuingizia hewa ni kubwa kidogo kuliko za otomatiki. Nilinakili namba zote kwenye ukurasa wa nne, mstari mmoja kila spea, nikaacha nafasi ya bei.

Winga, dalali wa mtaani, alinipokea kabla sijavuka barabara. Nilimpa orodha, akaisoma, akatabasamu kwa upole.

"Bosi, 3S ni 3S. Twende nikupe seti nzima ya gasketi sasa hivi."

Seti aliyonionyesha ilikuwa ya 3S-FE, injini ya RAV4 za kwanza na Camry nyingi. Ni injini nzuri sana na imebeba familia nyingi nchi hii. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 86, ndiyo maana jicho linadanganyika. Lakini hedi ni nyingine kabisa: ile ni ya Toyota wenyewe, hii ni ya Yamaha. Nilimwonyesha tarakimu tano za mwisho kwenye boksi na tano kwenye daftari langu. Alizilinganisha moja moja kwa kidole, akaniambia nisubiri, akapotea kama nusu saa. Aliporudi alinipeleka ghorofani, kwenye duka lisilo na kibao, kwa mama mmoja mwenye kompyuta na katalogi. Huyo mama ndiye aliyeniagizia valvu na gasketi. Na winga yule, tangu siku hiyo, nikimpa namba hataki sampuli.

Vitu vyote vilifika baada ya wiki nne. Wiki zote hizo gari lilikuwa linatembea, linamisi, linanipeleka kazini.

Tulifungua Jumamosi. Kila kundi la nati liliingia kwenye mfuko wake wa plastiki wenye karatasi iliyoandikwa lilikotoka. Hedi ilitoka saa sita mchana. Kuta za silinda zilikuwa bado na alama za msalaba za kiwandani, na ukucha wangu haukushika popote. Valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu ilikuwa imeliwa ukingo, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Sababu yake ni ya polepole sana. Kadiri miaka inavyopita valvu inajichimbia kwenye kiti chake na uwazi wake kule juu unapungua, mpaka siku moja haifungi kabisa. Valvu ya ekzosi hupoa kwa kugusana na kiti; ikikosa kugusana inabaki na moto wake, na ukingo unaungua. Kupima uwazi huo kwa fila, kile kipimo cha nafasi ndogo, ni kazi ya asubuhi moja. Katika miaka yote niliyokuwa nalo gari hili sikuwahi kumwomba mtu aupime.

Hedi niliipeleka mwenyewe kwa mzee wa lezi, nimeipakata kwenye bajaji, imefungwa kwa shuka. "Shikamoo mzee." "Marahaba, weka hapo." Aliifuta, akalaza rula ya chuma juu yake, kwa urefu, kwa upana, kisha kwa pembe mbili, kila mara akijaribu kupenyeza ukoa mwembamba wa fila chini ya rula. Kikomo kwa uso ule ni milimita 0.05. Fila haikupenya popote. Nilimuuliza kama asiipitishe mashine tu, kwa usalama. Alikataa. Kila unapokata hedi unapunguza chumba cha moto, alisema, na injini hii imeshabanwa vya kutosha tangu kiwandani. Alikuwa sahihi: uwiano wake ni 11.5 kwa 1, na ukiubana zaidi itadai petroli bora kuliko ile unayojaza kila siku. Alikataa pesa ambayo mtu mwingine angeichukua, na ningeshukuru huku nikiwa nimeharibiwa.

Tulipofunga njia za maji ndipo tulipogundua jambo ambalo halikuwa kwenye daftari. Nyumba ya thamostati ilikuwa tupu. Fundi fulani, miaka ya nyuma, aliitoa. Wengi huitoa wakiamini nchi ya joto haihitaji. Ndiyo maana mshale wangu wa joto ulikuwa haupandi ninapokwenda Kibaha, na mimi nikijivunia gari lisilochemsha. Injini ikibaki baridi, kompyuta ya gari huamini bado ni asubuhi na huongeza petroli. Petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili ya chini. Ndani ya mifereji ya maji kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi ya maji ya kisima. Tuliusafisha, na ile theluthi iliyofungwa ikalipia thamostati na kuleanti halisi.

Fundi hakuifunga thamostati kabla ya kuijaribu. Alimwomba mama lishe wa jirani sufuria ndogo yenye maji, akaitumbukiza ikining'inia kwa waya, tukaikodolea macho juu ya jiko la mkaa huku ugali wa watu ukisubiri. Kipimajoto chake kilipofika nyuzi 82 kile kisahani cha shaba kilianza kuachia, taratibu, uwazi wa karatasi, kisha uwazi wa kidole. Tulipoitoa ikajifunga yenyewe. Mama akatuuliza ni dawa ya nini.

Boliti za hedi zilikazwa kwa mpangilio kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa toki renchi, kisha kila moja ikazungushwa nyuzi 90 zaidi. Alizitia alama ya rangi nyeupe vichwani ili jicho lione zote zimegeuka sawa. Jumapili saa tisa alasiri injini iliwaka kwa stata ya pili. Tuliiacha ipate moto, tukaizima, akatoa plagi na kuleta geji. Chaki za mwezi uliopita zilikuwa bado kwenye fenda, zimefifia. Akaandika chini yake: 190, 190, 185, 190.

Nilirudi nyumbani kwa Msimbazi, nikanasa kwenye foleni ya mikokoteni na bodaboda kwa dakika arobaini, jua likinipiga usoni. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Mshale ukabaki palepale.